Tarishi Mlangoni kwa Bwana Ghalib

Palikuwa na tajiri wa iliki huko Usambara, Bwana Ghalib Mselem, mtu wa tumbo mbele na akili nyuma. Sheria ya wilaya ilimtaka atangaze bei yake kwenye tovuti kila siku. Akatangaza. Alichokuwa hakitaki ni mtu kuisoma, maana mawakala wake huko mashambani walikuwa wakiwatajia wakulima bei nyingine, ya chini.

Sasa Mwantumu Shekiondo, fundi simu, mjane asiye na kitu ila ulimi, akaunda programu ndogo. Kila saa inabisha hodi kwenye tovuti ile, inasoma bei, inawatumia wakulima kwa ujumbe wa simu. Programu hizi zina desturi yao: zikibisha, hutaja jina. Usipoipa yako jina, hutaja la zana uliyoiundia. Mwantumu alitumia zana ya bure iitwayo Tarishi, wala hakuhangaika na jina. Basi ikawa inabisha: "Mimi Tarishi."

Wakulima wakaanza kuwagomea mawakala. Bwana Ghalib akapekua kumbukumbu za tovuti, akaona Tarishi, Tarishi, Tarishi. Akanguruma: "Tarishi yeyote asiingie!"

Mlango ukafungwa. Kumbe programu za maghala yake mwenyewe ziliundwa kwa zana ile ile, na mafundi wake wa mishahara minono nao hawakuzipa jina! Maghala saba yakakaa siku mbili hayajui yanunue kwa bei gani, hata ikabidi mlango ufunguliwe tena.

Akamburura Mwantumu kwa hakimu.

"Mwanamke huyu anajificha kwa jina la uongo!"

"Si la uongo, Mheshimiwa, ni la kiwandani," akasema Mwantumu. "Hata shati la Bwana Ghalib lina jina la kiwanda ukosini, na hatumwiti kwa jina hilo."

"Mwizi ndiye hujificha!"

"Na maghala yako, bwana, yanamwibia nani? Nayo yanajiita Tarishi."

Watu wakaangua kicheko. Tajiri akaiva kama pilipili.

"Nataka kila anayebisha kwangu ataje jina lake la kweli, na anatoka kwa nani! Akifanya hivyo, aingie!"

"Na iandikwe," akasema Mwantumu.

Ikaandikwa. Bwana Ghalib akatia sahihi kwa madaha, kidevu juu.

Mwantumu akarudi kibandani. Akifungiwa tena, wakulima wamekwisha. Akaifungua programu, akafuta neno moja, akaandika mengine.

Siku ya tano tajiri huyo tena kwa hakimu, povu mdomoni, karatasi mkononi. Hakimu akaisoma kwa sauti: "Mimi ni programu ya wakulima wanaopunjwa na mawakala wa Ghalib Mselem."

"Kila saa!" akafoka tajiri. "Amenitukana mara tisini na sita, na makarani wangu wote wamesoma!"

Hakimu akajikohoza, akamgeukia mjane. "Una la kusema?"

"Ninalo, Mheshimiwa. Tuliandikiana jina liwe la kweli. Bwana Ghalib na achague neno moja tu lisilo la kweli, nilifute sasa hivi. Lakini alichague kwa sauti: wakulima mia mbili wako hapo nje, wanamsikiliza."