Nani Anyimwe Moto?

Hapo zamani, juu kule kwenye milima ya sakitu, ule umande unaoganda na kuunguza viazi shambani, Sekela aliuliza: "Blanketi la mama liko wapi?" Watu wakatazama miguu yao.

Asubuhi hiyo mama yake alikutwa kitandani amekufa kwa baridi, jikoni majivu matupu. Na sheria ya milima ile ilikuwa fupi: aliyemwacha mtu afe kwa baridi hapewi kaa la moto, wala haoti kwa mtu, mpaka msimu wa sakitu uishe. Wachache walionyimwa moto waliwahi kuuona mwisho wa msimu.

Sekela akaanza na kaka yake Asukile, maana alimwona anaficha mikono.

"Nililichukua mimi," Asukile akasema. "Nilifunika mbegu za viazi. Zingeungua tungekula nini, mawe? Niliuacha moto unawaka."

"Ukawaka mpaka lini, kaka?"

Akamgeukia mke wa Asukile, Atupele, mzazi wa siku nne, mtoto kifuani. "Mama alikuja kwako kuomba kaa. Ulimpa?"

"Moto hautoki nyumba yenye kichanga, wifi. Mtoto hufa. Nani alinifundisha? Yeye. Nikamwambia aingie aote, akasema mzazi hasumbuliwi."

"Wewe una bahati. Shahidi wako hasemi."

Akamfuata jirani, Mama Luvanda, aliyekuwa hajasalimiana na marehemu mwaka wa tatu. "Ulimsikia akitetemeka?"

"Nilimsikia. Mlango wangu ulikuwa wazi. Angebisha hodi ningempa. Au nimpelekee moto mtu aliyeniita mchawi?"

"Moyo wako umeganda kuliko hivyo viazi."

Mama Luvanda akacheka kidogo. "Sawa, hakimu. Na wewe uliyekuwa unalala naye chumba kimoja, ulikuwa wapi?"

Sekela alikuwa ngomani, kijiji cha pili. Alikuwa ameahidi kurudi kabla ya jua kuzama. Lakini si wamebaki kaka, wifi na jirani, watu watatu? Mtu hafi kwa baridi penye watu watatu. Ndivyo alivyojiambia kule ngomani, na hata sasa, mbele ya wote, aliiona ni hoja nzuri. Ila hakuitamka.

Sheria ilimtaka mmoja tu, na jua lilikuwa linashuka. Je, nani anyimwe moto: aliyefunika mbegu, aliyeshika mwiko, aliyengoja hodi, au aliyewashtaki wote? Naomba unijibu wewe, na usimtazame jirani yako kwanza.