Fisi Aliyekula Ngoma ya Kijiji

Paukwa, jamani!

— Pakawa!

Mmeshiba?

— Tumeshiba!

Basi Fisi hakushiba.

"Umeila ngoma ya kijiji!" mkewe alifoka.

"Sikuila, mke wangu. Nimeionja."

"Umeionja mpaka mzinga wake umebaki mtupu?"

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na ngoma moja ya hatari. Mto ukifurika hupigwa, na wote hukimbilia mlimani. Ngozi yake ilipakwa mafuta isipasuke. Na kwa busara yao kubwa, zamu ya kuipaka walimpa Fisi.

Siku ya kwanza Fisi alilamba mafuta. Siku ya pili akatafuna ukingo. Siku ya tatu akamaliza ngozi yote, kwa uchungu wa kuipenda nchi yake.

Mto ukafurika. Ngoma ikapigwa, kimya. Nyumba ya Digidigi ikachukuliwa na maji, na wanawe wakaponea juu ya pembe za Nyati.

Fisi akashtakiwa kwa kuharibu mali ya umma. Adhabu yake ilikuwa kufukuzwa kijijini, mbali na mifupa yote aliyoizoea.

"Jitetee," alisema Nyati, aliyekuwa hakimu.

"Ngozi ilichafuka, mheshimiwa. Niliisafisha."

"Kwa meno?"

"Sabuni imeadimika."

Baraza likacheka. Fisi akapata moyo.

"Tena ni mali ya umma. Kwani mimi si umma? Nilichukua fungu langu."

"Na fungu la Digidigi?"

"Nilimhifadhia."

"Wapi?"

Fisi akajishika tumbo.

"Isitoshe," akasema, "ngoma yenyewe haikulalamika."

"Ingelalamikaje," akauliza Digidigi, "nawe umeitafuna mdomo?"

Nyati akahukumu: "Hatukufukuzi. Sauti ya ngoma imo tumboni mwako, basi wewe ndiwe ngoma yetu. Kila jioni utalia, hatari iwepo isiwepo."

Fisi akafurahi. Kumbe amepewa cheo! Akalia jioni nzima hadi koo likamkauka, kisha akarudi kwake kulala.

Funzo ni hili, wenzangu: kinachowalinda wote kinakulinda nawe; ukikitafuna, umejitafuna.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeiona nzito akamuulize mke wa Fisi, aliyesimama mlangoni, mkono kwenye komeo, akamwambia mumewe:

"Ngoma hailali ndani, baba watoto. Ngoma hukaa uwanjani."