Pua Isiyokatwa ya Hilali bin Jumaani

Katika mji wa Sufalani alitawala Sultani Nadhiri bin Sarhani, mtu mpole mwenye kupenda haki na manukato, na kwa mambo hayo mawili mji wake ulijulikana hata na watu ambao hawakupata kuufikia. Na katika mji huo alikuwako kijana mchanganya uturi, jina lake Hilali bin Jumaani, ambaye pua yake ilikuwa ajabu kwa watu wa kazi hiyo, kwa kuwa aliweza kufumba macho, akanusa kipande cha udi, akasema umetoka nchi gani, na kama aliyeuleta aliufunga pamoja na bizari. Alikuwa amemposa Zuwena, binti wa Mzee Salmini bin Haruni mwuza hariri, na mzee huyo aliridhia kwa sababu moja ambayo hakuificha, kwamba kijana ana kazi, na mwenye kazi hatamlaza binti yake na njaa.

Hilali alikuwa akisumbuliwa na kipandauso, na kilipomshika hakuweza kuvumilia mwanga wala sauti ya mtu. Akashauriwa aende kwa Tabibu Ghanimu bin Rashadi, tabibu mkuu wa mji, ambaye watu walimsifu kwamba vidole vyake ni baridi kama maji ya mtungi, na kwamba hakuna maumivu yasiyovitii. Jambo wasilolijua watu ni kwamba vidole vile havikuwa vyake. Ndani ya pete yake ya akiki tabibu alimfunga jini aitwaye Zarkumu, na Zarkumu ndiye aliyetibu.

Desturi ya Sufalani ilikuwa kwamba mgonjwa, kabla hajaguswa, humpa tabibu mkono mbele ya mashahidi, akajitaja jina lake na la baba yake, akamtaja na tabibu vivyo hivyo, akasema kwamba ameuweka mwili wake katika mkono ule. Hilali akayasema maneno hayo, akalazwa, akafungwa kitambaa machoni, akaambiwa atulie. Kisha akasikia mitalawanda ya tabibu, viatu vyake vya mti, ikienda zake, na punde sauti yake ikasikika barazani akiisifu halua, na wakati huohuo vidole vya baridi vikaingia kichwani mwa Hilali pasipo kupasua kitu. Akastaajabu jinsi mtu awezavyo kula halua kule na kutibu huku, lakini maumivu yaliondoka, na kwa furaha ya kupona hakuuliza.

Alipofika dukani akafungua kasha la udi, akaona halina harufu. Akadhani ameuziwa kuni, akaenda kugombana na mwuza udi, naye mwuza udi akaunusa mti wake, akaunusa tena. Akanunua mwingine, ukawa vilevile. Akadhani labda pepo za msimu ule ndizo mbaya. Akatoka kutembea, akaingia soko la samaki asijue ni soko la samaki mpaka alipokanyaga utumbo. Pua yake hakuidhania, kwa kuwa ilikuwa mahali pake, na alipoifinya iliuma kama pua ya mtu yeyote.

Ikawa Mzee Salmini ameagiza mafuta ya asmini ya kujipaka siku ya Ijumaa, na Hilali katika kuchanganyikiwa kwake akampelekea chupa ya mafuta ya papa, aliyoyaweka kwa ajili ya bawaba za mlango. Mzee Salmini siku ile alikuwa na mafua. Akajipaka ndevu zote, akaenda msikitini, na safu yake ikaondoka kidogo kidogo, huyu akikumbuka udhu, yule akikumbuka viatu. Baada ya swala akaja dukani kwa utulivu mkubwa.

"Mwanangu," akasema, "leo nimeswali peke yangu kama mfalme. Umenipaka papa."

Hilali akainusa chupa, akaapa kwamba haina harufu yoyote. Hapo wote wawili wakatazamana, wakafahamu. Mzee Salmini akakaa kitako, akauliza yote yaliyopita, na mwisho akamwambia kwamba posa haivunji, lakini arusi haitakuwa mpaka ijulikane aliyeiharibu pua ile ni nani, na atalipa nini, kwa kuwa mchanganya uturi asiyenusa hana kazi, na yeye alikwisha sema habari ya kazi.

Hilali akaenda kwa Tabibu Ghanimu, akakaribishwa kwa adabu na kahawa. Tabibu akamwuliza kama kichwa kingali kinauma. Akasema hakiumi.

"Basi ulileta kichwa, nami nimekurudishia kichwa," akasema tabibu. "Pua hukuniletea, bwana Hilali. Na mkono ulinipa mwenyewe, mbele ya mashahidi."

Kisha akaongeza kwa sauti ya huruma kwamba huenda alipolala aligeuza kichwa, na mgonjwa akigeuka, tabibu afanyeje? Hilali akatoka akijiuliza kama aligeuka. Siku ile alikumbuka kwamba alitulia. Siku ya pili akakumbuka kwamba labda aligeuka kidogo upande wa kulia. Siku ya tatu akajiona ameinuka akakaa, na akasikia haya kumlaumu mtu mkubwa kama yule kwa kosa ambalo pengine ni lake mwenyewe. Hata hivyo akaenda kushtaki kwa Sultani, kwa sababu hakuona njia nyingine ya kumpata Zuwena.

Baraza likakaa, Tabibu Ghanimu akaitwa, na Sultani akampa neno Kadhi Badawi bin Haithamu. Kadhi akaitazama pua ya Hilali mbele na ubavuni.

"Bwana wangu Sultani," akasema, "dia, malipo ya pua iliyokatwa, ninaijua. Lakini pua hii naiona, tena ni nzuri. Na nitajuaje kwamba hainusi? Hata mimi naweza kusema sinusi, nikalipwa mali, nikaenda kufurahi na mawaridi yangu."

Sultani akafikiri, akamnong'oneza mtumishi wake, na mtumishi akaleta chetezo nyuma ya Hilali, akatia mvuje kwenye makaa, ule utomvu wenye harufu kali ambao kina mama huwafunga nao watoto wachanga ili majini wasiwakaribie. Moshi ukatanda. Kadhi akajifunika kilemba, waziri akatoka bila kuomba ruhusa, na Sultani kwa ajili ya heshima yake akabaki kitini, machozi yakimtiririka. Hilali, aliyekuwa akieleza shauri lake, akaona machozi yale, akadhani maneno yake yamemwingia Sultani moyoni, akazidi kueleza.

Na hapo pete ya Tabibu Ghanimu ikapiga chafya. Ikapiga ya pili, na ya tatu ikamtoa Zarkumu, mrefu mpaka darini, macho mekundu, akiomba kwa jina la Mwenyezi Mungu moshi ule uondolewe.

Chetezo kikatolewa, na jini akaamriwa aseme kweli. Akasema, "Bwana wangu aliniambia: mtoe kinachomwuma. Kisha akaenda barazani. Nikakuta maumivu na kunusa vimefungamana kama nyuzi mbili, wala hakuwapo wa kumwuliza. Nikavitoa vyote, nikavitupa dirishani."

Akaulizwa kama vyaweza kurudi. Akasema upepo ulivichukua, ila kidogo kilimwangukia mbuzi wa jirani, ambaye tangu siku ile hali jani lolote mpaka alinuse sana.

Tabibu Ghanimu akainama, akasema kwamba jambo sasa li wazi, mkosaji ni jini, naye hana hatia. Zarkumu akasema kwamba yeye ni mfungwa, hamiliki kitu, hata chafya zile amezipiga bila idhini. Kadhi akasema hajapata kusoma dia ilipwayo na jini. Baraza lote likachafuka, wengine wakisema alipe aliyetenda, wengine alipe aliyeamuru, wengine asilipe mtu kwa kuwa mgonjwa aliridhia, na Hilali akageuka huku na huku asijue ni nani anayemtetea. Kisha akasimama.

"Bwana wangu Sultani," akasema, "mimi sina elimu ya majini. Nilichosema siku ile nakikumbuka. Nilisema: mimi Hilali bin Jumaani nimeuweka mwili wangu katika mkono wa Ghanimu bin Rashadi. Sikumtaja mwingine. Huyu hata baba yake simjui."

Kadhi Badawi akahukumu kwamba ridhaa ilikuwa kwa mkono uliotajwa, na mkono huo ulikuwa katika sinia ya halua, basi Ghanimu bin Rashadi alipe dia kamili ya pua, kana kwamba ameikata, na juu yake chumo la kijana lililopotea, vyote kutoka mali yake mwenyewe. Sultani akapitisha hukumu, akaamuru tangu siku ile kila tabibu amtajie mgonjwa kila mkono utakaomgusa, wala asiondoke mpaka mgonjwa ainuke. Kisha akamvua tabibu pete, akampa Hilali amwamuru jini jambo moja, lolote, kabla pete haijavunjwa.

Watu wakasogea, wakingoja kasri au lulu. Hilali akamtazama Zarkumu.

"Niambie kweli," akasema. "Niligeuza kichwa?"

"Hukugeuka," akasema jini. "Ulitulia kama mtoto aliyelala."

Hilali akakaa chini, akalia mbele ya watu wote, na hapakuwa na mvuje.

Pete ikavunjwa, Zarkumu akaenda zake. Mzee Salmini akasema kwamba mwenye mali kama ile amekwisha kuwa na kazi, nayo ni kuitunza, akamchukua Hilali katika biashara ya hariri, na arusi ikafungwa. Siku hiyo nyumba ilifukizwa udi, na Hilali akauona moshi ukiingia katika nywele za Zuwena, akamwuliza ananukia nini.

"Nanukia kama wewe ulivyonukia ulipokuja kuniposa," akasema Zuwena.

Hilali akajaribu kukumbuka harufu ile, asiweze, akamwomba amweleze, na Zuwena akaanza kumweleza.

Wakaishi kwa neema. Na funzo la habari hii ni kwamba aliyekabidhiwa mwili wa mwenziwe asiuache akaenda kula halua, na aliyeumizwa asikubali kuambiwa kwamba aligeuka, mpaka aulize.