Kompyuta Iliyofukizwa Udi

Nikiuliza mko, semeni tuko. Mko? Haya, inatosha, msipige kelele. Leo nimechoka hadi kope. Kuna jambo limenikalia kifuani tangu jana na siwezi kulibeba peke yangu. Nitawapa hadithi yake, kisha ninyi mtanipa jibu.

Wajukuu zangu watatu mnawajua. Kila mmoja ana mama yake, ila wote wamekula sinia moja tangu wana meno mawili.

Saumu alijaliwa kusikiliza. Akikaa na mtu, mtu huyo humwaga yaliyomo. Marehemu mama yangu alificha umri wake maisha yake yote, hata sisi wanawe hatukuujua. Saumu akiwa na miaka sita aliupata kabla chai haijapoa.

Hiza alijaliwa mikono. Siku nilipokanyaga mwiba, mganga wa zahanati alinichokonoa hadi nikatoka jasho, asiupate. Hiza akaniambia, "Bibi, tazama kule." Nikatazama kule. Niliporudisha macho, mwiba uko kwenye kucha yake.

Mbelwa naye alijaliwa kutochoshwa na jambo la kuchosha. Ukimpa maziwa ayaangalie yasifurike, hayafuriki. Hiza humcheka: "Huyu, kobe akishindana na jiwe, atakaa aone nani kashinda."

Mwaka jana wakasema wanafungua ufundi wa kompyuta. Nikawauliza, kompyuta gani huku kwetu? Saumu akasema, "Bibi, zimejaa. Ya shule, ya zahanati, ya ofisi ya kata, ya yule anayechapa kadi za harusi. Zikiharibika zinapelekwa mjini, na nyingine hazirudi."

Wakapata chumba kilichokuwa cha kinyozi. Kioo kikubwa wakakiacha ukutani, basi mteja akiambiwa mashine yake imekufa, anajiona mwenyewe uso unavyoshuka. Miezi minane walihangaika mle. Umeme ukiwapo mteja hayupo, mteja akiwapo umeme umekatika. Nilikuwa nawaona wakirudi jioni, wanakula na kulala. Mwisho mwenye chumba akawaambia mwanawe anaoa, chumba anakitaka mwezi ukiisha.

Wako katika kufunga virago, Jumatatu iliyopita akaja Mwalimu Kihiyo mbio, laptopu ameipakata kama mtoto mwenye homa.

"Jamani, haiwaki. Fundi wa mjini kaniambia niitupe."

Ndani yake mlikuwa na alama za kidato cha nne, watoto mia na themanini na wawili, za miaka miwili. Hakuwa ameziweka pengine. Zilitakiwa wilayani Ijumaa kabla ya saa tisa, na mkuu wa shule alikuwa ameambiwa wazi kwamba zisipofika, mahali pa alama za watoto wale patabaki patupu.

"Ilianguka?" Hiza akauliza.

"Haikuanguka."

"Iliingia maji?"

"Wallahi haijaguswa na kitu."

Hiza akasema basi ni ubao wa ndani, ataupasha moto kesho. Saumu akamwambia, "Subiri. Mtu akiapa kabla hajaombwa, ujue nyumbani kwake kuna jambo hata yeye halijui."

Jumanne asubuhi Saumu akaenda kwa Mwalimu. Nyumba ile ilikuwa imetoka kwenye arobaini ya mtoto mchanga, na mama mkwe wa Mwalimu alikuwapo, amekuja kumlea mzazi. Tumwite Bi Mwanahawa. Jina lake si hilo, na msiniulize, wala haya yasitoke nje ya mlango huu. Mwalimu asingeweza kumhoji mkwewe hata kidogo. Mtu na mkwewe husalimiana kwa macho chini, sembuse kuulizana nani kaharibu nini! Saumu hakuuliza kitu. Alikaa mkekani, akavuta ungo, akaanza kumenya naye mbaazi. Ungo wa kwanza ukaisha. Ungo wa pili ukafika katikati, bibi yule akashusha pumzi.

"Mwanangu, nina dhambi. Nilikuwa nafukiza nguo za arobaini. Nimeweka chetezo chini, tenga juu, nimetandaza nguo. Nikaiona ile mashine, nikasema na hii nayo inanuka jasho la shule. Nikailaza pale pale juu ya tenga, nayo imewashwa, inaunguruma. Ikavuta udi hadi ikanyamaza. Usimwambie mkwe wangu, nitaiweka wapi sura yangu?"

Saumu akaahidi. Akarudi akamnong'oneza Hiza: "Ni moshi wa udi. Usiipashe moto."

Hiza akakaa chini. Udi una mafuta, na angeupasha ubao moto, yale mafuta yangeganda ndani na mashine isingeamka tena. Akaifungua. Pangaboi lake la ndani lilikuwa limegandamana kama kaimati kwenye shira. Akasafisha kwa spiriti na mswaki wa mtoto, tundu kwa tundu, hadi jioni. Kisha akaona kidude kimoja kimeungua, kidogo kama chawa. Akakitoa, akakipata kingine kama hicho kwenye kompyuta nyingine iliyokufa, akakipachika kwa risasi ya kuyeyusha na chuma cha moto, pumzi ameibana. Saumu anasema Hiza alisahau hata kupepesa macho. Ikawaka.

Ikawaka dakika mbili, ikapata joto, ikazima. Pangaboi lilikuwa limekufa kabisa, na matundu ya kuchomekea flashi yalikuwa yameharibika. Diski yake imeshikana na ubao, haitoki, na simu zao wote ni za tochi, hazina kamera. Hakuna njia ya kuzitoa zile alama isipokuwa kuzisoma kwenye kioo chake na kuzinakili kwa mkono.

Jumatano asubuhi Mbelwa akaja jikoni kwangu. "Bibi, niazime kipepeo."

"Unataka kuchoma mahindi?"

"Naenda kupepea kompyuta."

Akipepea, mashine inakaa dakika kumi. Akiacha, inazima, aisubiri ipoe. Hiza alijaribu, lakini kila akitazama alama mkono ulisimama. Saumu alijaribu akasinzia. Mbelwa alipepea kwa kushoto na kuandika kwa kulia, Jumatano, Alhamisi, hadi Ijumaa baada ya adhuhuri. Watoto mia na themanini na wawili, somo kwa somo. Alipoandika jina la mwisho mashine ilizima, na haijawaka tena mpaka leo. Daftari likapandishwa pikipiki likafika wilayani saa nane na nusu. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba kama andazi.

Jana Jumamosi akaja mkuu wa shule mwenyewe, Madamu Semvua.

"Shule ina chumba pale getini, kinatazama barabara, kina umeme na dirisha. Bodi imekubali kiwe chenu. Lakini mkataba una jina moja. Tuliwahi kuwapa mafundi cherehani watatu, wakagombana hadi vitambaa vya sare vikaozea ndani. Mwenye jina ndiye mwenye duka. Atamweka anayemtaka na kumtoa anayemtaka. Jumatatu niletewe."

Wakaniletea mimi karatasi niamue. Kusoma sijui, lakini mstari ule nimeugusa kwa kidole. Ni mmoja kweli.

Hiza akasema, "Bibi, mashine ilikuwa maiti. Nani aliyeifufua?"

Mbelwa akasema, "Uliifufua ikazima. Kilichofika wilayani ni daftari, na daftari ni mwandiko wangu."

"Kupepea ni ufundi? Basi na muuza mishikaki ni fundi!"

"Mbona wewe ulishindwa?"

Nikamgeukia Saumu. Nikamwambia, na wewe sema. Akasema, "Ningenyamaza siku ile, Hiza angeiua kwa mkono wake, na Mbelwa asingekuwa na cha kupepea. Ila nikijitetea kwa Madamu, itabidi niseme nililoambiwa kwenye mbaazi."

Nimelala na karatasi hiyo chini ya mto usiku mzima. Leo ni Jumapili. Mchana nimewaandalia sinia lao kama siku zote, wali na mchicha. Kila mmoja akaomba sahani yake. Miaka yote hiyo sijawahi kuwapakulia mbalimbali. Nilisimama na upawa sijui nianze na nani.

Haya. Karatasi hii hapa, kalamu hii hapa, na Jumatatu ni kesho. Wewe uliyekaa mlangoni, na wewe unayejifanya unasinzia, niambieni: mngekuwa ninyi, mngeandika jina la nani?