Kitasa cha Bi Ruzuna

Sogeeni karibu, na aliye jirani na mlango auache wazi, maana hadithi hii haisimuliwi watu wakiwa wamejifungia.

Katika mtaa wa Chokaani, ambao upande mmoja una majumba ya kale ya mawe na upande wa pili nyumba mpya zenye nondo madirishani, palikuwa na mafundi watatu wa vitasa. Vuai alikuwa fundi wa majumba ya kale, na kipaji chake kilikuwa sikio. Akilibandika mlangoni, kitasa kilimweleza mambo yake yote. Salama alikuwa fundi wa nyumba mpya, na kipaji chake vidole. Umweleze tu ufunguo ulivyo, yeye huuchonga kwa tupa bila kuona mfano. Ngwali hakuwa na upande. Alizunguka na kufuli zake kwenye mkokoteni, na kipaji chake, kama ni kipaji, kilikuwa ulimi. Watu walimcheka, wakisema Ngwali hafungui mlango, huubembeleza mpaka ukachoka.

Wote watatu walikitamani kitu kimoja: chumba cha mbele cha nyumba ya Bi Ruzuna, kilichokaa njia panda, kikionekana na pande zote mbili za mtaa. Fundi akikipata chumba kile, kazi ingemfuata yenyewe. Bi Ruzuna hakumpa mtu mpaka akafariki, na nyumba ikawa ya mwanawe wa pekee, Mwantumu, aliyeishi nyumba mpya ng'ambo ya njia na binti yake mdogo, Raya.

Sasa, Chokaani kuna mila. Kitasa cha chumba alichofia mtu hakiguswi mpaka hitima ya arubaini isomwe. Mwantumu aliijua mila hiyo kama anavyolijua jina lake. Lakini vitasa vya dukani vilikuwa vimemchosha kwa kuharibika, na cha mama yake kilikuwa chuma kizito cha zamani. Arubaini haijafika, akamwita seremala, kikang'olewa, kikapachikwa kwenye mlango wa chumba cha Raya. Ufunguo wake haukuonekana tangu siku ya mazishi, naye hakujali. Chumba cha mtoto kifungwe cha nini?

Bi Ruzuna alipokuwa hai alikuwa na desturi ya kufunga chumba chake kila magharibi. Haukupita muda, jioni moja, adhana ya magharibi ilipoanza, kitasa kikajifunga. Raya alikuwa ndani.

Mwantumu alisikia chuma kikizunguka. Akaenda, akasukuma mlango.

"Raya, fungua."

"Si mimi niliyefunga, mama," mtoto akajibu bila wasiwasi. "Ni bibi. Anasema magharibi watoto hawatoki."

Mwantumu akapiga ukelele. Majirani wakaja na nyundo. Pigo la kwanza lilipotua, Raya aliita, na sauti yake ikatokea mbali kidogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Pigo jingine, ikasikika kama ya mtu aliye ng'ambo ya njia. Na chumba chenyewe kilikuwa cha kuenea kitanda na kabati tu. Mwantumu akamshika mkono mwenye nyundo.

"Msigonge tena. Mtanipotezea mwanangu."

Akakimbilia dirishani. Nondo zilikuwa imara, na pazia lilikuwa limeshushwa kwa ndani, ilhali Raya hakuwa na kimo cha kulifikia. Hapo Mwantumu akaweka nadhiri mbele ya mtaa mzima: atakayemtolea Raya salama, chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu ni chake maisha.

Vuai akaja, akabandika sikio. Alikaa hivyo mpaka watu wakaacha kunong'ona. Alipoinuka, uso ulikuwa umemsawijika.

"Ufunguo wake una meno matatu, la kati refu, nao huzungushwa kushoto," akasema. "Lakini kuna ufunguo mwingine kwa ndani. Na kuna mtu ameushika."

Salama akaketi sakafuni na kipande cha shaba, akachonga kwa maneno ya Vuai peke yake. Kila tupa ilipokwaruza nje, ndani nako kitu kilikwaruza kwa mwendo uleule. Salama alisikia kama walivyosikia wote, ila hakuinua kichwa. Alipomaliza, ufunguo uliingia tunduni bila kukwama.

"Umekaa," akasema, jasho likimtoka. "Lakini nikizungusha huku, naye anazungusha kule. Ana nguvu kunishinda."

Ngwali akaja mbele, mikono mitupu. Akavua viatu.

"Hodi, Bi Ruzuna," akasema taratibu. "Hodi, mama yetu. Tumechukua chako kabla ya wakati wake. Mwanao amekosa, na anajua amekosa. Turudishie mtoto, nasi tutakirudisha kitasa mahali pake. Shikamoo."

Kutoka ndani, sauti isiyokuwa ya Raya ikaitikia, "Marahaba."

Salama akahisi ule mkono umelegea. Akazungusha kushoto, mlango ukafunguka.

Raya alikuwa amekaa kitandani peke yake. Aliingia chumbani nywele zimetimka; sasa zilikuwa zimesukwa twende kilioni, msuko wa mkono ambao Mwantumu aliufahamu, maana ndio uliomsuka yeye utotoni. Kwa ndani, mlangoni hapakuwa na ufunguo wowote. Mwantumu akamkumbatia mwanawe akalia mbele za watu.

Asubuhi kitasa kilirudishwa kwenye mlango wa marehemu, na mafundi wakaja kudai nadhiri.

"Bila sikio langu, Salama angechonga nini?" akauliza Vuai.

"Na bila ufunguo wangu," akasema Salama, "mngefungua kwa shikamoo?"

"Ufunguo ulikuwa umeshaingia, bibie, na mlango haukufunguka," akajibu Ngwali. "Au umesahau?"

Mwantumu akawasihi wakitumie chumba pamoja. Ngwali akacheka. "Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu?" Kwa mara ya kwanza wenzake wakakubaliana naye. Mwantumu akawaomba wampe mpaka kesho.

Jioni aliketi barazani na Raya, amemshika mkono hamwachii.

"Mama," akasema Raya, "bibi anauliza chumba umempa nani."

Mwantumu akatazama huku na huku. "Bibi yuko wapi?"

"Si huyu hapa," akasema mtoto, akiigusa nafasi tupu kwenye jamvi. "Anasema kama hujampa mtu, basi nirudi nikalale kwake."

Na adhana ya magharibi ikaanza.

Vuai alisikia, Salama alichonga, Ngwali aliomba, na kila mmoja bila wenzake angeshindwa. Mwantumu hana tena kesho ya kuomba. Lazima ataje jina moja kabla adhana haijaisha. Msinitazame mimi, nyinyi ndio mlionisikiliza. Haya, mngemwambia amtaje nani?