Vidonge Katika Koti la Mvua

Wahenga hawakutunga methali hii ili kutuchekesha. Waliposema mficha uchi hazai, walimaanisha kwamba mwenye shida akiona haya kumweleza anayeweza kumsaidia, atabaki na haya yake na shida yake vilevile. Mwalimu Orpah aliijua maana hiyo fika. Alifundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi kule Nyanchwa, na kila mwaka aliwaandikisha wanafunzi insha juu ya methali hiyo, kisha akawasahihisha bila huruma. Lakini mganga hajigangi.

Orpah na mumewe Fred walikuwa wamekaa miaka saba bila mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimetoka zikiwa changa. Hii ya tatu ilipofika mwezi wa nne, Orpah alianza kuthubutu kusimama kwenye vibanda vya mitumba huko Daraja Mbili na kushikashika soksi za watoto, ingawa hakununua. Huko kliniki, muuguzi aliyeitwa Sista Nyanchera alimpa vidonge vya kuongeza damu.

"Kimoja kila siku, Mwalimu. Usiruke hata siku moja," alimwambia. "Mtoto anatumia damu yako, na siku ya kuzaa utahitaji iliyobaki."

Orpah alimeza juma zima kwa uaminifu. Kisha yakamfika mambo mawili. Choo chake kilikuwa cheusi kama masizi, halafu kikakataa kutoka kabisa. Akawa anaingia msalani na kukaa nusu saa, jasho likimtiririka, na kutoka alivyoingia. Hayo angeyavumilia kama si Mzee Obwocha, baba mkwe wake, aliyekuwa amekuja kutoka Nyacheki kutibiwa macho mjini. Msala wa nyumba yao ulikuwa nje, ng'ambo ya ua, na mzee alipenda kuota jua barazani, kiti chake kikiutazama mlango wa msala ana kwa ana.

Asiye Mgusii huenda akauliza, tatizo liko wapi? Tatizo ni chinsoni, ile sheria ya haya na heshima isiyoandikwa popote ila kila mtu anaijua. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, hatamki mambo ya mwili mbele yake, na akienda msalani hataki mzee huyo amwone. Basi Orpah, pamoja na digrii yake, akawa anakwenda haja huku amebeba beseni la nguo ili ionekane kuwa anakwenda kufua. Nguo zilezile kavu zilikwenda na kurudi siku nzima.

Jioni moja Fred aliingia jikoni akicheka. "Baba anauliza kama wewe ni mgonjwa. Anasema unakaa sana huko."

Orpah alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mwambie niko sawa," alisema, akaendelea kukoroga ugali ambao ulikuwa umeiva zamani.

Tangu jioni hiyo hakumeza tena. Kila mwezi alipokea pakiti mpya za vidonge na kuzisukuma ndani ya mfuko wa koti la mvua lililochanika, ambalo lilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani bila mvaaji. Fred akiuliza, "Umemeza?" yeye alijibu, "Nimemeza." Uongo wa kwanza ulimkwama kooni. Wa kumi ulipita kama uji.

Mwili, hata hivyo, haudanganyiki. Kufikia mwezi wa saba Orpah alikuwa akipanda kilima cha shule kwa kupumzika mara nne, moyo ukimdunda kama aliyefukuzwa na mbwa. Viganja vyake vilipauka. Alishikwa na hamu ya vile vijiwe vyeupe vinavyouzwa sokoni kwa wajawazito, akawa anavitafuna ofisini akiwa ameinamia madaftari. Hilo nalo akalificha.

Sista Nyanchera alimfunua kope, akaguna. Alipopima kiwango cha damu, alipata saba badala ya kumi na moja. Siku hiyo Fred alikuwa amemsindikiza, naye alikuwa ameketi papo hapo.

"Mwalimu, zile dawa unameza?"

"Kila siku, Sista."

"Choo ni cha rangi gani?"

Orpah alihisi uso ukimwaka. Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipofunguliwa wazi, hata ukashikiliwa. Lakini mumewe alikuwa akimtazama kwa imani, na Orpah hakuwa mjinga. Alikumbuka lile juma moja, akajua jibu linalotakiwa. "Cheusi," alisema. "Cheusi sana."

Sista Nyanchera akaamini. Akaweka alama ya vyema katika kijitabu cha kliniki, kisha akakunja uso. "Kama unameza na damu inashuka, basi kuna kitu kinaimaliza. Lazima tukitafute."

Wakakitafuta. Orpah alipimwa malaria, akapimwa minyoo, akapimwa figo na tumbo. Majuma matatu yalipita watu wakiwinda ugonjwa ambao haukuwapo. Kila jibu lililorudi safi lilimwongezea Fred hofu, akawa halali vizuri. Orpah alimwona akikonda, akaona haya, na kadiri alivyoona haya ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito.

Asubuhi moja, akivuka ua na beseni lake, dunia ilizunguka akaanguka. Mtu pekee aliyekuwa nyumbani ni Mzee Obwocha. Mzee huyo, ambaye hakuwa amewahi kumgusa mkono, alimwinua kwa mikono yake miwili, akamfunika shuka na kuwaita majirani wakamtafutia gari.

Hospitalini damu ilikuwa imeshuka hadi tano, na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yakisuasua. Daktari Haron alisimama kando ya kitanda akizipitia karatasi. Fred alikuwa upande mmoja, na Mzee Obwocha alikuwa nyuma yake, fimbo mkononi.

"Amemeza vidonge miezi minne na vipimo vyote ni safi," daktari alisema. "Nahofia mifupa yake haitengenezi damu. Nitampeleka hospitali kubwa zaidi, lakini ni mbali, na sina hakika mtoto atastahimili safari. Mama, kuna jambo hujatuambia?"

Orpah alimtazama baba mkwe. Alingoja atoke. Mzee hakutoka. Alihisi mtoto akisukuma mara moja, kidogo, kisha akatulia, na utulivu ule ukamtisha kuliko aibu yoyote.

"Sikumeza," alisema. "Nilimeza juma moja tu. Zilinifunga choo. Nilikuwa nakaa msalani na Tata huyu, baba yake Fred, ananiona, nikashindwa. Ziko kwenye koti la mvua. Zote."

Machozi yalimtoka Orpah hadi masikioni, naye hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Basi hakuna safari," daktari alisema kwa sauti iliyolegea. "Ugonjwa tunaujua. Leteni damu."

Sista Nyanchera, aliyefika baadaye akiwa na kijitabu, hakumkemea. Afadhali angemkemea. "Ungeniambia, ningekwambia umeze baada ya chakula," alisema, "unywe maji mengi, ule papai na mboga, na usishushie kwa chai. Ikishindikana ningekubadilishia. Ni papai tu, Mwalimu."

Mzee Obwocha ndiye aliyesema la mwisho, macho yake yakiwa sakafuni kama heshima inavyotaka. "Mama yake Fred alivuja damu siku mbili baada ya kuzaa mtoto wa mwisho, akinificha mimi na baba yangu. Alitupatia heshima yote. Tukamzika nayo." Akakohoa. "Ndiyo maana niliuliza, mwanangu. Sikuuliza kwa ubaya."

Orpah alijifunika uso kwa shuka. Alikuwa amemwogopa mtu pekee aliyegundua kuwa ana shida.

Alitiwa damu, akameza vidonge vyake mbele ya macho ya watu, na baada ya majuma matano akajifungua msichana mdogo mwenye sauti kubwa. Watu walipokuja na uji na pongezi, alipokea vyote kichwa chake kikiwa kimeinama. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, aliomba kijitabu cha kliniki na kalamu. Ndani mlikuwa na zile alama za vyema alizopata mwezi baada ya mwezi kwa uongo wake. Mbele ya Sista Nyanchera, Fred na mzee, Mwalimu Orpah alizisahihisha moja baada ya nyingine, akaitia kila moja mkasi, ile alama ya kosa. Hakuruka hata moja. Kisha akampakata mwanawe, ambaye nusura amkose kwa sababu ya haya ya msalani. Kweli, mficha uchi hazai.