Mbuke na Mungu Aliyekula Hasira

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya watu waliolala na njaa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa mmeamka. Nawaambia mapema: leo nitasema maneno ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kuyaamini, na kila neno ni la kweli. Anayebisha asimame sasa hivi akalale na mbuzi. Hakuna? Hata wewe msomi, uliyekwenda shule ukarudi na miwani? Kaa basi, sogeza kuni. Leo namsema bibi wa ukoo wetu, Mbuke mfinyanzi, aliyepanda kwa mungu mwovu mchana kweupe, peke yake, na chungu kichwani. Bibi yenu alimshinda nani? Mbu!

Hapo kale, kale ambayo hata kale yenyewe ilikuwa bado inanyonya, palikuwa na mungu jina lake Ngwilizi. Alikuwa na nyuso mbili, mmoja mbele unacheka, mmoja kisogoni unacheka zaidi. Miguu yake ilitazama nyuma, hivyo aliyefuata nyayo zake alizidi kwenda mbali naye. Kazi yake ilikuwa hila. Si hila za sungura za kuiba karanga, la. Hila za kuumiza. Na chakula chake kilikuwa hasira za watu. Mtu akikasirika bondeni, hasira yake ilipanda kilimani kama moshi, ikaingia katika chungu cha Ngwilizi, ikachemka ikawa uji. Naye akanywa, akanenepa.

Waumini wake waliitwa Wacheko. Walijipaka majivu nusu ya uso, na ibada yao ilikuwa kumtendea jirani ubaya kisha kumcheka. Walikata kamba za visima. Walitia mchanga katika unga wa mjane. Walimnong'oneza mume, wakamnong'oneza mke, kisha wakajibanza nyuma ya nyumba kusikiliza sufuria zikiruka. Bonde zima likawa linagombana, na tumbo la Ngwilizi likawa linakua.

Sasa, Mbuke alikuwa na mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, Limi. Siku ya ngoma ya mavuno, Wacheko walimwaga mafuta uwanjani. Limi akateleza mbele ya watu wote, miguu juu. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Hakuna aliyemwinua, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye majivu shavuni, akamwambia, "Njoo kwetu, mwanangu. Kwetu, wewe ndiye utakayecheka."

Limi akaenda. Akapakwa majivu nusu ya uso. Nusu ya pili hupakwa siku ya sikukuu ya Ngwilizi, jua likiwa utosini. Na aliyepakwa nusu ya pili, uso wake hufutika, jina lake hufutika, hata mama aliyemzaa humpita njiani kama anavyopita kisiki.

Mbuke alipopata habari, sikukuu ilikuwa kesho yake. Mtu mwingine angepiga yowe. Mbuke alichagua chungu chake kizuri kuliko vyote, maana mgeni haendi mikono mitupu, akakitia kichwani, akaondoka alfajiri. Watu wa Mbuke ndivyo tulivyo. Hatuulizi njia ina miiba mingapi.

Chini ya kilima akamkuta Fisi amelala, mbavu zinahesabika.

"Unakwenda wapi, mama chungu?" Fisi akauliza.

"Kwa bwana wako."

"Bwana wangu nani? Mimi nilihamia hapa nikijua penye mlaji hapakosi masalia. Miaka saba, dada yangu! Miaka saba nangoja. Kumbe huyu anakula hasira, na hasira haina mfupa."

"Na siku mtu asipokasirika, anakula nini?"

Fisi akacheka, kicheko chake kile. "Siku hiyo haijawahi kuwapo. Wamepanda hapa watu wapole, wazee wa baraka, wote walikasirika. Na wewe utakasirika."

"Nimefinyanga miaka ishirini," Mbuke akasema. "Unakanda udongo, unaufinyanga, unaukausha, unaupamba, na siku ya mwisho motoni, pa! Kimepasuka. Hasira zangu zilikwisha mwaka wa kwanza."

Akapanda.

Huko juu akakuta Wacheko mia tatu wamejipanga, wanaimba na kupiga makofi:

"Kasirika! Kasirika! Kasirika, bwana ale!"

Limi alikuwa katika mstari wa mbele, nusu ya uso majivu. Alimwona dada yake, akatazama pembeni. Na Ngwilizi alikuwa juu ya kigoda chake, tumbo limelala magotini, chungu cha uji kinatokota ubavuni.

"Umefuata nini?" ukauliza uso wa mbele.

"Nimemfuata mdogo wangu. Nipe, nami nikuachie chungu hiki."

"Chungu!" Nyuso zote mbili zikacheka. "Wewe mwanamke, unajua unazungumza na nani? Mwezi unaouona mbinguni nimeufua mimi! Nimeupiga kwa nyundo yangu mwenyewe!"

Uongo mtupu. Juzi yake alimwambia mwindaji kwamba yeye ndiye aliyewanoa simba meno. Ngwilizi alidanganya kama wewe unavyopumua, wala hakujua anaanzia wapi. Lakini Mbuke alisimama kidete.

"Nyundo? Basi wewe mhunzi?"

"Mhunzi!"

"Mhunzi kweli?"

"Mhunzi, mwana wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi!"

Mbuke akapiga kofi moja kubwa. "Alaa! Mtani wangu! Kumbe ni wewe, sura mbaya hivyo, na mimi nimekupa heshima bure!"

Wacheko wakanyamaza ghafla. Wao walikuwa watu wa bonde, na bondeni hata mtoto alijua: wafinyanzi na wahunzi ni watani tangu moto wa kwanza. Mtani akikutukana, unacheka. Akikamata kuku wako akamla, unacheka. Ukifiwa, anakuja kulala ndani ya kaburi, anagoma kutoka, nawe na machozi yako unacheka. Ndiyo kazi yake. Na atakayemkasirikia mtani wake, atalipa chochote atakachotajiwa. Sheria hiyo hata miungu waliikuta hapa duniani.

Ngwilizi angeweza kusema, "Mimi si mhunzi, nilidanganya." Lakini mbele ya waumini mia tatu? Huyo tangu azaliwe alikuwa hajakiri jambo.

"Sawa, mtani," akasema polepole. "Tuone nani atakasirika."

Akanyoosha mguu wake ule wa kinyumenyume, akamtega Mbuke. Chungu kikaanguka, kikawa vigae. Wacheko wakaimba, "Kasirika! Kasirika! Kasirika, bwana ale!"

Mbuke akakung'uta vumbi. "Ahsante. Kilikuwa na ufa, nilikosa tu wa kunivunjia. Ya mtani hayaudhi. Lete jingine!"

Ngwilizi akapuliza kiganja. Masikio ya Mbuke yakarefuka, yakaota manyoya, yakawa masikio ya punda. Wacheko wakaimba, "Kasirika! Kasirika! Kasirika, bwana ale!"

Mbuke akayapapasa. "Mazuri haya. Sasa nitawasikia wanaonisengenya toka kijiji cha tatu. Ya mtani hayaudhi. Lete jingine!"

Jua lilikuwa limekaribia utosini. Mwanamke wa majivu alikuwa amekwisha chota konzi nyingine ya majivu, amesimama nyuma ya Limi, anangoja. Ngwilizi akafumba macho yake yote manne, akafungua kinywa, na ikatoka sauti ya mwanamke mzee. Sauti ya mama yao, aliyekufa kwa homa mwaka uliopita.

"Mbuke, mwanangu. Nilikuita uniletee maji. Nilikuita mara tatu. Ulikuwa unachoma vyungu."

Wacheko hawakuimba.

Na Mbuke akacheka! Ha! Ha! Ha! Alicheka bibi yetu hadi kunguru wakaruka mitini. Akasema, "Ya mtani hayaudhi!" Kisha akakiendea chungu cha uji, akachovya upawa, akaonja.

"Mm. Baridi."

Akaonja tena. "Mm. Umeungua."

Akaonja mara ya tatu, akatema chini. "Mtani, hivi nani alikudanganya kwamba unajua kupika?"

Aliyewadanganya watu wote, nani alimdanganya yeye! Mcheko mmoja akaguna puani. Wa pili akaziba mdomo. Kisha mia tatu wakaangua kicheko, na safari hii waliyekuwa wakimcheka alikuwa mungu wao.

Uso wa mbele ukaacha kucheka. Uso wa kisogoni ukaacha kucheka. Ngwilizi akakasirika! Na hasira yake, kwa kuwa hasira zote hupanda huko, ikatiririka hadi chunguni mwake. Mlafi yule angeuacha uji? Akanywa hasira yake mwenyewe, akazidi kukasirika. Akazidi kukasirika, akazidi kunywa. Chungu kikafurika, kikapasuka pa!

"Umekasirika, mtani," Mbuke akasema. "Lipa."

"Taja!"

"Limi."

Akalipa. Angefanyaje? Akamwachia Limi, akamwondolea Mbuke yale masikio, akashuka upande wa pili wa kilima na ile miguu yake, na mpaka leo ukiziona nyayo zake huwezi kujua kama anaondoka au anarudi. Wacheko wakashuka mtoni kunawa nyuso. Na Fisi akapanda mbio kupekua vigae, akatafuta mfupa, hakupata hata harufu.

Huyo ndiye bibi yetu! Mfinyanzi, mwanamke, aliyecheka mbele ya mungu! Bonde hili linalala salama kwa sababu ya ukoo wangu, na mkipita kwetu mvue viatu. Hadithi yangu naitua hapo, kama mtu anavyotua mzigo, na kata ya kichwani naiweka kando.

Mbona hamwondoki?

Wewe bibi kizee pale pembeni, mbona unanitazama hivyo?

Haya. Haya, kaeni. Kuna mahali nimeruka.

Ile sauti ya mama ilipotoka, Mbuke hakucheka. Alianguka chini kama gunia. Alilia. Alimsahau Ngwilizi, akasahau utani, akamsahau hata Limi, ambaye kwa ajili yake alipanda kilima. Alilia tu, "Mama, sikusikia. Mama, sikusikia." Ngwilizi akainama na upawa wake kungoja uji uongezeke, haukuongezeka, maana machozi si hasira, hayapandi chunguni.

Aliyetoka mstarini ni Limi. Na majivu yake usoni. Akamwambia Ngwilizi, "Dada yangu analia msiba. Wewe ni mtani wetu. Mfiwa akilia, kazi ya mtani ni nini?"

Mungu hakujua. Kuumiza alijua, kucheka alijua, ila kumchekesha mfiwa hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Basi nitaifanya mimi," Limi akasema. Akauchukua upawa mkononi mwa mungu, akaonja uji. Baridi. Umeungua. Nani alikudanganya. Yote yale aliyasema Limi. Na Mbuke pale chini, kamasi puani, akacheka. Kicheko nilichowaambia ni hicho. Kilikuwapo, sikudanganya. Ila kilichelewa, na alichekeshwa.

Sisi ni kizazi cha Mbuke. Kizazi cha Limi ni wale wa ng'ambo ya mto, wenye majivuno. Kila mavuno wanakuja kusema bibi yao ndiye aliyeonja uji, nami huwakabili kifua mbele, nawaita waongo hadi sauti inanikauka.

Si waongo. Na atakayevuka mto kuwaambia nimesema hivyo, nitamkana machoni.